Ua kabla ya maua

Kiswahili kina neno moja linalofanya kazi mbili: ua ambao wingi wake ni nyua, na ua ambalo wingi wake ni maua. Mtu akipata nyumba yake ya kwanza, hasa iliyokaa mwaka mzima imefungwa, hukimbilia hilo la pili. Jumamosi ya kwanza tu yuko kwenye vitalu vya miche kando ya barabara, anarudi na bugenvilia nane na viroba vya ukoka. Masika yakiingia, nusu ya miche imesimama ndani ya dimbwi na ukuta wa jikoni unabanduka rangi kuanzia chini kupanda juu. Ua wa nyuma ni kazi ya maji kwanza, halafu sakafu, halafu kivuli. Maua ni ya mwisho, na yakifika kwa zamu yake hayahitaji kubembelezwa.

Tuchukue ua wa kawaida wa Dar es Salaam: mita 8 kwa 6 nyuma ya nyumba, fensi ya tofali pande tatu, karo la kufulia pembeni, chemba zilizojificha chini ya majani, na kipande cha jamvi la zege lililopasuka mbele ya mlango wa jikoni. Tutaweka baraza la mita 4 kwa 3 lililosakafiwa, kivuli juu yake, na sehemu ya kupanda. Aliye Tanga, Mombasa au Mtwara atabadili vipimo tu. Mantiki ni ile ile.

Kabla ya jembe

Siku ya kwanza ni ya panga, fyekeo na mifuko ya taka. Vaa buti na glavu nene. Rundo la matofali na mabati lililokaa miaka miwili ni nyumba ya nge, pengine na ya nyoka, kwa hiyo kila kipande kinageuzwa kwa mti kwanza, mkono baadaye. Fyeka hadi uione ardhi, kisha tafuta vitu vinne: mifuniko ya chemba na ya shimo la maji taka, bomba linalotoka kwenye mita ya maji, waya wowote wa umeme uliopitishwa chini, na bikoni za kiwanja. Kila kimoja kipimie umbali kutoka pembe mbili za nyumba, uandike kwenye karatasi. Vipimo viwili kutoka pembe mbili vinatosha kukirudia kitu hata kikiwa kimeshafunikwa. Bikoni usiing'oe wala kuimwagia zege juu.

Ukiona majani membamba yanayong'aa, bua lake likiwa na pembe tatu, na yamerudi siku chache tu baada ya kufyekwa, hiyo ni ndago. Usiilime. Chini ya ardhi ndago ina punje zilizofungamana kwa nyuzi kama tasbihi. Jembe linakata uzi, na kila punje iliyobaki peke yake inakuwa mmea mpya. Ndiyo maana ua uliolimwa mara mbili una ndago nyingi kuliko ulioachwa. Nailoni nyeusi nayo haisaidii, kwani chipukizi la ndago lina ncha na huitoboa. Dawa ni kuchimba kina cha sentimita 25, kupitisha udongo kwenye chekecheke, kuokota punje na kuzitupa na taka, wala si kwenye shimo la mboji. Fanya hivyo sehemu za kupanda tu. Palipopangwa sakafu, udongo wa juu utaondolewa wote.

Lile jamvi la zamani ligongegonge kwa nyundo kila hatua moja. Likitoa mlio mzito, mkavu, zege limelalia ardhi. Likilia kama debe tupu, chini yake pamekuwa uwazi: maji yamesomba udongo. Nyufa nyembamba kama unywele si tatizo. Ufa unaoingiza ncha ya kalamu, na upande mmoja umeshuka kuliko mwingine, unasema msingi wake umekufa. Hapo usikubali fundi akuwekee vigae juu "kuficha". Vigae vitapasuka kwenye mstari ule ule, kwa sababu kinachocheza ni cha chini. Livunje kwa nyundo kubwa, na vipande vyake usivitupe, vitajaza shimo la kunyonya maji tutakalolifikia.

Maji yanakwenda wapi

Kama unaweza kungoja, ngoja mvua moja kubwa kabla ya kuchora chochote. Simama mlangoni na simu, piga picha kila dakika tano. Utaona yanakoanzia, yanakotuama, na yanapokauka mwisho. Kama umehamia kiangazi, mwaga ndoo kumi za lita 20 haraka haraka kando ya ukuta wa nyumba, uone yanakimbilia wapi. Yakirudi msingini, umeshajua kazi yako ya kwanza.

Hesabu ya mvua ni nyepesi kuliko ya saruji: milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni lita 1. Upande wa paa wa mita mraba 40, mvua ya milimita 40, ni lita 1,600 zinazoteremka uani pamoja. Baraza la mita mraba 12 linaongeza 480. Zote hizo zinataka pa kwenda, na wengi huzipeleka mahali pabaya kuliko pote: kwenye chemba ya choo, kwa kuwa bomba liko karibu. Shimo la maji taka limepimwa kwa maji ya watu wa nyumba, halikupimwa kwa paa. Masika moja linajaa, choo kinagoma kushuka, na gari la kunyonya linaitwa kila baada ya wiki mbili.

Maji ya paa yaingie kwenye gata, gata liende kwenye simtanki. Tanki la lita 2,000 linameza maji yote yale ya paa, na likijaa lina uzito wa tani mbili. Kwa hiyo haliwekwi juu ya matofali matatu na matumaini. Mwagia jamvi la mita 1.5 kwa 1.5, unene wa sentimita 12, lenye wavu wa chuma ndani, juu ya kifusi kilichoshindiliwa. Bomba la kufurikia lielekee bustanini, mbali na msingi.

Yanayobaki ni ya sakafu na ya karo. Ya sakafu yaende kwenye shimo la kunyonya, lakini udongo uulizwe kwanza. Chimba kishimo cha sentimita 30 kila upande na kina hicho hicho, jaza maji, acha yaishe, kisha jaza tena. Mara ya pili ndiyo ya kuhesabu, kwani mara ya kwanza hata mfinyanzi mkavu hunywa. Yakiisha ndani ya saa moja, kama ilivyo kwenye mchanga wa maeneo mengi ya Kigamboni, shimo litafanya kazi. Yakiamka asubuhi bado yapo, usichimbe shimo: utakuwa umejenga kisima cha mbu. Vilevile maeneo ya chini karibu na mabonde, ambako masika maji ya ardhini yanapanda hadi karibu na juu, shimo linajazwa kutoka chini kabla mvua haijaanza kulijaza kutoka juu. Huko maji yapitishwe kwa mfereji hadi mtaro wa barabara.

Shimo la mita 1.2 kwa 1.2, kina mita 1.5, likijazwa vipande vya zege na mawe, linabaki na nafasi ya maji kama lita 800 tu, kwa sababu mawe yanakula zaidi ya nusu. Linayatosha maji ya baraza, haliyatoshi ya paa. Ndiyo sababu ya kuanza na tanki. Liwe mita 5 kutoka msingi wa nyumba, na likae mbali na shimo la maji taka. Juu ya mawe tandika kitambaa cha kuchuja au gunia la nailoni lililofumwa kabla ya kurudisha udongo, la sivyo mchanga unashuka na kuziba nafasi zote katika misimu miwili.

Karo lina majibu yake. Chini yake weka jamvi la mita 1 kwa 1 lenye ukingo, na maji ya kufulia yapite kwenye mfereji hadi kwenye migomba miwili au mitatu iliyopandwa bondeni mwa ua. Mgomba unakunywa usiku na mchana na hauchagui. Maji ya vyombo yenye mafuta ndiyo yasipelekwe moja kwa moja; yapitie kwanza kwenye kichemba cha kutegea mafuta, kinachokombwa kila mwezi.

Jambo moja zaidi kuhusu maji, ambalo ndilo linaloharibu nyumba nyingi kuliko yote: uso wa baraza uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 angalau. Juu ya msingi wa nyumba iliyojengwa vizuri kuna utando wa kuzuia unyevu usipande. Ukijaza udongo au pevingi (matofali ya zege ya kusakafia nje) hadi kuupita, maji yanaruka kizuizi na kuingia ukutani. Ile chumvi nyeupe na rangi inayojikunja kama ganda la kitunguu hutokana na hapo. Fundi rangi atakwangua na kupaka mara tatu, nayo itarudi mara tatu. Sentimita 15 ni ngazi moja tu, hata bibi anaishuka.

Baraza likae wapi, na liwe kubwa kiasi gani

Mchoro mzuri unafanywa kwa chokaa ardhini, na viti vya kweli juu yake. Meza ya watu sita pamoja na viti vinavyovutwa nyuma inataka mita 3 kwa 3. Njia ya kupita na beseni la nguo inataka sentimita 90. Keti hapo saa nne asubuhi, kisha saa kumi alasiri, uone jua linakupiga wapi na jirani wa ghorofani anakuona vipi.

Picha za mitandaoni huwa hazina kamba ya nguo. Uani kwetu ni mahali pa kazi: pa kufua na kuanika, pa kukuna nazi, pa kutwanga, pa kuwasha jiko la mkaa umeme ukikatika. Ukipanga mahali pa viti ukasahau hayo, mwezi wa pili kamba itapita katikati ya baraza lako, shuka zikining'inia juu ya meza ya wageni. Ipe kamba mita 6 za jua la asubuhi, kando ya fensi, karibu na karo. Jiko likae upande wa magharibi wa ua. Kusi hutoka kusini-mashariki na kaskazi kaskazini-mashariki, zote zina mashariki ndani yake, kwa hiyo moshi utakwenda mbali na viti miezi mingi ya mwaka. Ikiwa magharibi ndiko iliko nyumba yenyewe, jiko lisogezwe usawa wa kona, lisiwe mbele ya dirisha.

Sakafu: pesa iko chini

Vigae vinavyong'aa nje ni hatari mvua ikinyesha. Zege la kumwaga ni imara lakini linapasuka kama halikukatwa viungo, na bomba likivuja chini yake unavunja yote. Kwa ua wenye chemba na mabomba, pevingi za sentimita 20 kwa 10 ndizo ninazozipendekeza: zinang'olewa, bomba linatengenezwa, zinarudishwa pale pale. Unene wa milimita 60 unatosha watu na viti. Za milimita 80 ni za mahali pa gari. Chagua rangi isiyo nyeusi, kwani saa nane mchana pevingi nyeusi haikanyagiki pekupeku.

Mita mraba moja inachukua pevingi 50. Mita 12 ni 600, ongeza za kukata na za kuvunjika, agiza 630. Kabla ya kulipa, okota mbili utoke nazo nje ya banda na uzigonganishe. Iliyokomaa inalia kama kigae; changa inatoa mlio wa tope na pembe zake zinamomonyoka kwa kucha. Pevingi iliyouzwa siku chache tu baada ya kufyatuliwa, haikumwagiwa maji ya kutosha, itaanza kuchunika uso ndani ya mwaka.

Lakini pevingi ni kofia tu. Uzima wa sakafu uko kwenye sentimita 13 zilizo chini yake: 10 za moramu (udongo wa changarawe) au kifusi cha kokoto kilichoshindiliwa, na 3 za mchanga. Ukijumlisha na pevingi yenyewe, chimba sentimita 19 chini ya usawa wa mwisho. Palipo na mfinyanzi mweusi, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, moramu iwe 15 na chini yake utandikwe kitambaa cha jiotekstaili, ili tope lisipande kuchanganyika na kifusi.

Moramu inayohitajika ni mita za ujazo 1.2 ikishashindiliwa, agiza 1.6, kwa sababu hupungua ikishindiliwa. Mchanga agiza nusu mita ya ujazo, sawa na matoroli nane au tisa yaliyojaa, pamoja na ule wa kujaza viungo. Usichukue mchanga wa pwani ya bahari: una chumvi, na chumvi hula nondo na kuvuta unyevu.

Kabla ya kuchimba weka vigingi na kamba. Mraba wa baraza upimwe kwa mita 3, 4 na 5: mita 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, na kati ya ncha hizo mbili lazima iwe 5 kamili. Ikizidi au ikipungua, pembe haijanyooka, na utakata pevingi vipande vya pembetatu hadi mwisho wa ua. Usawa upimwe kwa mpira mwembamba unaoonyesha, wa mita 10, uliojazwa maji. Angalia usiwe na kiputo hata kimoja ndani, kwani kiputo kimoja kinaudanganya mpira wote. Mteremko ni sentimita 2 kwa kila mita, kutoka kwenye nyumba kwenda nje. Baraza la upana wa mita 3 litashuka sentimita 6 kati ya mlango na ukingo. Ukiwa umesimama hauonekani, mvua itauona. Mteremko huo uanzie kwenye udongo uliochimbwa, ufuatwe na moramu. Usimwache fundi atengeneze mteremko kwa kuongeza mchanga upande mmoja, maana mchanga mnene hutitia na mchanga mwembamba hautitii, na baada ya masika baraza linakuwa na bakuli.

Kushindilia ndiko kunakorukwa, kwa sababu hakuonekani kwenye picha. Moramu inamwagwa kwa matabaka mawili, si kwa mkupuo. Kila tabaka linyunyizwe maji, kisha fanya jaribio la ngumi: finya gao la moramu, fungua kiganja. Likivunjika lenyewe ni kavu, ongeza maji. Likikuachia tope mkononi limezidi, ngoja likauke. Likikaa kama kitumbua, leta mashine. Mashine ya kushindilia inakodishwa kwa siku, na kwa mita mraba 12 nusu siku inatosha. Ipite mara nne au tano, kila mara ikikatisha njia ya mwanzo. Kishindilio cha mkono kinaweza, lakini kwa matabaka ya sentimita 5 na mikono ya watu wawili wasiochoka. Kisha kanyaga kwa kisigino kwa nguvu zako zote. Kisigino kikiacha alama, bado.

Angalia zaidi mahali pawili: kando ya ukuta wa nyumba, na juu ya mtaro wa bomba. Pote hapo udongo ulichimbwa wakati wa ujenzi ukarudishwa kwa koleo, haujawahi kushindiliwa tangu siku hiyo. Sakafu nyingi zinazozama huzama kwa mstari, na ukifuata mstari utakuta bomba chini yake. Fukua mtaro, rudisha udongo kwa matabaka ya sentimita 10, shindilia kila tabaka.

Kingo zinafuata, nazo ni lazima. Pevingi hazikushikwa na saruji, zinashikana kwa kubanana, na pasipo ukingo za mwisho zinasogea, zinazofuata zinalegea, mchanga unatoroka. Upande wa nyumba unajishikilia wenyewe. Pande tatu zilizobaki ni mita 10. Mawe ya kingo yakae kwenye zege la sentimita 15 kwa 15, uwiano wa 1:3:6, yaani saruji, mchanga, kokoto. Inatosha mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, ndoo tano na kidogo za mchanga, na ndoo kumi na nusu za kokoto, kwa ndoo za lita 20. Upande wa chini acha tundu kwenye ukingo kila baada ya mita moja, au weka mfereji wenye mfuniko wa matundu, ili maji yasikwame nyuma ya mawe.

Mchanga wa kulalia unasawazishwa hivi: laza mabomba mawili ya kipenyo cha milimita 40 juu ya moramu, mwaga mchanga katikati, buruta ubao ulionyooka juu ya mabomba, kisha yatoe na ujaze njia zake. Kuanzia hapo hakuna kukanyaga. Fundi anapanga akiwa amepiga magoti juu ya pevingi alizokwishaweka, akisonga mbele. Kati ya pevingi na pevingi iachwe nafasi ya milimita 3 hivi, kwa sababu mchanga wa viungo ndio unaozibana. Zikigusana zinavunjana pembe. Uso uwe juu ya usawa wa mwisho kwa sentimita 1, maana mashine ikipita zitashuka kiasi hicho. Pitisha mashine mara mbili, mwaga mchanga laini uliochekechwa na kukauka kabisa, fagia, pitisha tena, fagia tena. Wiki tatu baadaye, mchanga wa viungo utakuwa umeshuka, fagia mwingine.

Kuna fundi atakayekwambia amwage uji wa saruji kwenye viungo "ili majani yasiote". Mkatalie kwa upole. Uji huo unapasuka mwezi wa kwanza, unaacha madoa juu ya pevingi yasiyotoka, na unazuia maji kupenya. Majani yanayoota kwenye viungo mbegu zake zinatoka juu, kwa upepo na ufagio, kwa hiyo yanang'olewa yakiwa machanga. Ukiona vijilima vya mchanga laini juu ya viungo, ni sisimizi wanaouhamisha: urudishe haraka, kwani pevingi mbili tatu zikilegea ndipo shimo linapoanzia. Na mifuniko ya chemba ipandishwe hadi usawa mpya, ibaki inafunguka. Atakayeipitishia pevingi juu ataijutia siku ya kuziba.

Kivuli cha saa kumi

Kosa la kawaida ni kujenga kipaa cha mbao juu ya viti na kudhani kivuli kitakaa chini yake. Mchana ndiyo. Lakini saa kumi alasiri, mwezi wa Machi, jua la Dar liko nyuzi 35 hivi juu ya upeo, na kivuli cha kipaa cha urefu wa mita 2.5 kimesogea mashariki kwa mita tatu na nusu. Baraza letu lina upana wa mita 3, kwa hiyo likitazama magharibi kivuli chote kimeangukia ukutani na wageni wako juani. Kinachohitajika saa hiyo ni kizuizi cha wima upande wa magharibi: fremu yenye wavu na mmea wa kutambaa, au mikeka ya matete inayokunjwa. Juu tandika neti ya kivuli ya asilimia 70 au 80, ikiwa na mteremko, ili maji yasiifanye tumbo.

Nguzo nne zinataka mashimo ya sentimita 40 kwa 40, kina 60, na zege la 1:2:4, jumla mifuko miwili na nusu ya saruji. Nunua mitatu. Nguzo ya mbao isizikwe kwenye zege, hata kama mbao ina dawa: zege linashika maji kuizunguka, inaoza usawa wa ardhi, na mchwa wanapanda bila kuonekana. Tia kwenye zege kikamatio cha chuma, nguzo ikae juu yake sentimita 5 kutoka sakafuni. Mchwa wakitaka kupanda itawabidi wajenge njia yao ya udongo hadharani, nawe utaiona na kuivunja. Kwa nguzo za chuma za mraba, adui ni hewa ya chumvi: zibe vichwa vyake kwa bamba ili mvua isiingie ndani, paka rangi ya msingi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu, hasa kwenye maungio yaliyochomelewa, ambako kutu huanza.

Taa na soketi za nje ziwekwe na fundi umeme mwenye leseni, waya ukiwa ndani ya bomba kina cha nusu mita, na mkondo wake ulindwe na kikata umeme unaovuja (RCD) cha miliampia 30. Mabomba hayo ya waya yazikwe kabla ya moramu.

Sasa maua

Udongo uliobaki kwenye nyumba mpya ni mabaki ya saruji na vifusi. Kwa mche wa mdimu chimba shimo la sentimita 60 kila upande, mita 2 au zaidi kutoka ukutani, changanya udongo wa juu na debe la samadi iliyooza. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Ikinuka mkojo bado haijawa tayari. Kwenye vyungu weka sehemu mbili za udongo, moja ya samadi, moja ya mchanga, na tundu la chini lifunikwe kigae cha chungu kilichovunjika.

Mkungu, mwembe na mwarobaini ni miti mizuri ya kivuli, lakini si ya ua wa mita 8 kwa 6 wenye shimo la maji taka katikati. Mizizi inafuata unyevu, na hakuna penye unyevu kuliko hapo. Weka mdimu, mpapai, migomba yako kwenye maji ya karo, mchaichai kwenye mteremko kushika udongo, mrehani karibu na mlango. Panda vuli au masika yakishaanza kweli, isiwe kwa mvua ya kwanza inayodanganya. Ukoka utaota kwenye jua. Chini ya kivuli kizito usihangaike nao, mwaga kokoto.

Visahani vya chini ya vyungu vimwagwe kila wiki, kwa sababu mbu anamaliza safari kutoka yai hadi kuruka kwa siku saba hadi kumi. Mbu wa homa ya dengue, iliyoisumbua Dar mwaka 2014 na tena 2019, anapenda maji masafi ya vyombo vya nyumbani kuliko mitaro. Simtanki liwe na mfuniko na wavu kwenye mdomo wa gata. Katika nyumba za mawe za Lamu walilitatua hili ndani ya birika lenyewe: walifuga humo visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, na sakafuni mwa birika wakajengea bakuli la kaure, ili maji yakipungua samaki wapate pa kubaki.

Asumini iache kwa mwisho kabisa. Ipande nje ya dirisha la chumba, upande wa kusini au mashariki ambako kusi huingilia, kwenye waya uliosimama sentimita 10 kutoka ukutani ili ukuta upumue, na uikate kila inapofika usawa wa gata.